Pumzi ya Kinanda

Sisi vijana wa kwaya ndio tuliokitoa nje. Naomba nianze kwa kukiri hivyo, maana uhakiki unaoanza kwa kuwalaumu wengine haufiki mbali.

Mwaka ule korosho zilikuwa na bei. Mtaa wetu wa kanisa, upande wa Newala, ukachanga hadi kinanda cha umeme kikanunuliwa Dar es Salaam, pamoja na amplifaya, spika mbili na jenereta. Kile cha zamani, cha kukanyaga kwa miguu, tulikibeba watu wanne tukakitupa stoo kati ya magunia matupu na mabenchi yaliyovunjika. Padre akabariki kipya, akina mama wakapiga vigelegele. Mzee aliyekipiga cha zamani tangu sisi hatujazaliwa alikaa benchi la tatu, mikono magotini, akaimba kama muumini mwingine yeyote. Hakuna aliyemwuliza lolote. Mimi nilimnong'oneza mwenzangu, "Sasa babu atapumzisha miguu." Tukacheka.

Leo nataka kuvihakiki vinanda hivyo viwili, pamoja na cha tatu ambacho ni mkubwa wao: kile cha mabomba kilichomo katika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja. Najua wapo watakaouliza ala ya muziki inahakikiwaje. Riwaya ina wahusika, shairi lina vina na mizani, lakini kinanda ni mbao na shaba tu, bwana! Ninawajibu hivi. Darasani tumefundishwa kutazama fani na maudhui. Aliyeunda ala ameamua mambo mengi kabla wimbo wa kwanza haujapigwa: sauti itoke wapi, nani aitawale, nani amsubiri nani, nani akae kimya. Maamuzi hayo yana maudhui yake. Ukinunua ala umenunua na maamuzi ya aliyeiunda, upende usipende.

Tuanze na neno lenyewe. Zamani huko pwani kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi cha kupigwa kwa vidole, ndugu wa gambusi. Wageni walipoleta vyombo vyao, Waswahili hawakuhangaika. Piano ikaitwa kinanda, santuri ikaitwa kinanda, ogani ya kanisani nayo kinanda. Ukarimu huo wa lugha naupenda, ila umetupumbaza kidogo. Kwa kuwa vyote vina jina moja, tumedhani ukiondoa kimoja ukaweka kingine hujabadilisha kitu. Wafasiri wa Biblia walikuwa waangalifu zaidi. Katika Zaburi ya 150, mahali ambapo Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inataja ogani, Biblia yetu ya Kiswahili imeweka filimbi. Wamepatia. Ogani ukiivua kabati lake ni filimbi nyingi zilizosimamishwa mistari, na mtu mmoja amepewa uwezo wa kuzipuliza zote kwa vidole.

Kinanda cha Mkunazini ni cha ukoo huo. Kanisa lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kukusanya hadithi za Unguja. Kinanda kilitoka Uingereza katika kampuni ya Henry Willis, fundi ambaye mwaka 1871 alikuwa amemaliza ogani kubwa ya ukumbi wa Royal Albert Hall, London.

Ukikitazama kama mhakiki, kinanda cha namna hiyo ni kazi iliyokamilika. Mivukuto inajaza upepo ndani ya sanduku. Mpigaji akibonyeza kibao, kilango kinafunguka na upepo unapanda kwenye bomba lake. Bomba moja lina sauti moja, basi, halijui nyingine. Sauti nene inataka bomba refu: katika safu ya kawaida bomba la chini kabisa lina futi 8, yaani kama mita mbili na nusu, na zipo safu za futi 16. Chombo cha urefu huo huwezi kukihamisha kama kiti. Kinajengwa pamoja na nyumba, na nyumba yenyewe inakuwa sehemu ya ala. Kule Mkunazini kuna kuta za mawe ya matumbawe na dari ya kuba. Sauti ikitoka inazunguka kabla ya kukata, kwa hiyo nyimbo za taratibu zinapendeza na maneno ya haraka yanagongana.

Kingine ni kwamba sauti ya ogani haififii. Kidole kikikaa pale, nayo inakaa pale, mpaka jioni ukitaka. Hakuna kifua cha binadamu kinachoweza hivyo. Kabla ya mota za umeme alikuwepo mtu nyuma ya kinanda, mara nyingi kijana, akisukuma mivukuto huku jasho likimtoka, na jina lake haliandikwi popote. Fani nzima ilijengwa ili mtu huyo asionekane, pumzi ionekane haina mwenyewe, kama inashuka kutoka juu. Kwa maudhui ya kanisa la mawe lenye askofu na kiti chake, ni fani iliyotulia barabara.

Masasi ni mtoto wa Mkunazini. Mwaka 1876 Steere aliteremka Lindi akiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakapanda kwa miguu hadi kwenye ile milima ya mawe matupu, wakaishi hapo. Kanisa kuu lilikuwa bado linajengwa Unguja. Jiulize, msomaji: katika safari ile kipi kingebebeka? Bomba la futi 8 lingebebwa na nani, likae wapi? Mwaka 1882 Magwangwara walivamia Masasi wakachukua mateka, na misheni ikakimbilia Newala, juu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, himaya ya Matola. Mwaka 1905, wakati wa Majimaji, misheni ya Masasi ilichomwa moto. Katika historia ya namna hiyo chombo kinachosalimika ni koo. Nyimbo zilizofaa zilikuwa zile za kuimbwa bila ala, sauti moja, zinazofuata maneno.

Tena si kwamba nchi ilikuwa kimya ikisubiri kufundishwa. Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi akaweka kambi Newala. Alikuwa na fonografu, akawaimbisha watu mbele ya pembe lake na kurudi Ujerumani na sauti zao zikiwa kwenye mitungi ya nta. Nalitaja hilo kwa sababu linachekesha na kuuma kwa pamoja. Chombo kimoja cha kizungu kilikuja kuchukua sauti zetu, kingine kikaja kutupa sauti, na hapakuwa na mtu wa kuvikutanisha viwili hivyo.

Kilichokuja kutupa sauti ni kinanda cha kukanyaga, kwa jina la kitaalamu hamoniamu. Alexandre Debain alikisajili Paris mwaka 1842. Hakina mabomba. Kina vilimi vyembamba vya shaba, na hewa ikipita vinatetema, kila kilimi na sauti yake. Miguu ya mpigaji inaendesha mivukuto kwa kupokezana, kushoto, kulia, kushoto. Ni ogani iliyokatwa ikawa ya kubebwa na watu, na kwa kweli ilitengenezewa watu kama sisi: nyumba ndogo, njia mbaya, fundi hayupo. Unyevu wa masika unavimbisha mbao, panya wanapenda nguo ya mivukuto, mchwa nao hawachagui. Hata hivyo inavumilia miaka na miaka.

Uzuri wake mkubwa, ninavyouona leo, ni kwamba yule kijana wa nyuma ya ogani ameletwa mbele. Mwenye pumzi na mwenye vidole ni mtu mmoja. Anakaa kati yenu, mnamwona akichoka. Akiongeza mguu sauti inapanda, akipunguza inashuka. Anapumua na kwaya.

Ila tusikipambe. Kinanda hicho kilitupa pia ugonjwa ambao bado tunaumwa. Mkazo wa Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto wa darasa la kwanza anaujua bila kufundishwa. Tenzi nyingi za Kiingereza humaliza mstari kwa silabi yenye mkazo, na hapo ndipo tuni inapoweka noti ndefu. Mfasiri akapachika maneno yetu juu ya tuni ile, na matokeo yake tunaimba "Munguuu", "Bwanaaa", "Yesuuu", mzigo wote ukiangukia silabi ambayo mdomo wetu huiacha kama manyoya. Sema jina la mtu hivyo barabarani, hageuki. Kwa Kimakua na Kimakonde, ambazo ni lugha za toni, mambo ni mazito zaidi: tuni ikipanda mahali ambapo neno linashuka, neno limejeruhiwa. Padre A. M. Jones, aliyefundisha Mapanza huko Zambia chini ya misheni ileile iliyoanzisha Masasi, alilisema sana tatizo hili. Hamoniamu haikulizaa, lakini ililigandisha. Noti ikishapigwa, mwimbaji hawezi kuivuta upande wa neno.

Wakubwa walijua. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alithubutu kuchukua jando na kulitafutia nafasi ndani ya Ukristo, jambo lililozua mabishano hadi Ulaya. Jirani zetu Wakatoliki nao walikuwa na Padre Stephen Mbunga, aliyetunga Misa Baba Yetu na mwaka 1963 akatoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya liturujia, na ndani yake vifungu viwili vinafuatana: cha 119 kinataka muziki wa kila taifa uheshimiwe, cha 120 kinaisifu ogani ya mabomba. Mimi vifungu hivyo huviona kama watu wawili waliokalishwa benchi moja bila kutambulishwa. Mpaka leo wanaangalia mbele tu.

Sasa tufike kwa mgeni wetu, kibodi. Nitakuwa mwongo nikisema hakina sifa. Ni chepesi, mtoto wa sekondari anakipakata kwenye bodaboda kutoka Masasi mpaka juu kwetu. Bei yake inafikika. Kimewaleta vijana ambao walishaacha kuja misa. Kwaya imerekodi, na watu wa Dar wanaucheza wimbo wetu arusini. Wanaokikataa kwa sababu ni cha umeme au cha disko wananichosha. Hamoniamu nayo ilitoka nje, na haikuombwa cheti cha kuzaliwa.

Kasoro yangu ni nyingine, na ni ya kifani. Kibodi kinakuja na midundo iliyopikwa tayari. Unabonyeza, inaanza, na kuanzia hapo wimbo una bosi ambaye hayupo kanisani. Mdundo haujui kama leo ni Kwaresima, haujui kama bibi wa sauti ya kwanza ana kikohozi. Mtunzi wa kwaya siku hizi anaanza na mdundo, anatafuta maneno ya kujaza. Nenda kasikilize: kwaya tano, nyimbo tano, mapigo yaleyale, na maneno yamekatwa kama nguo ya mtumba ili yaingie. Ule ugonjwa wa "Munguuu" haujapona. Umeongezewa kasi.

Niliujua ukubwa wa jambo hili kwenye msiba. Mama mmoja wa kwaya alifariki, tukakesha kwake. Kibodi tulikwenda nacho, na jenereta. Kama saa sita usiku mafuta yakaisha katikati ya wimbo. Mdundo ukakatika na sisi tukakatika nao! Watu arobaini, kimya, kama tumezimwa na swichi moja. Ndugu zangu, niliona aibu. Wimbo tuliuimba mwaka mzima na hakuna hata mmoja aliyeweza kuuendeleza.

Kutoka gizani ikaja sauti ya yule mzee. Alianzisha wimbo wa zamani, chini sana, kisha akasubiri. Wazee wakamfuata. Akina mama wakaingiza sauti ya pili ambayo haimo katika kitabu chochote, na mmoja akajibu kwa Kimakonde kati ya mistari. Nikasikiliza kwa sikio la mhakiki, hata msibani, Mungu anisamehe. Walikuwa wamehamisha mkazo. Tuni ni ileile ya Kiingereza, lakini noti ndefu walikuwa wameigawa, wakaegemea silabi ya kwanza na kuiachia ya mwisho idondoke yenyewe. Jina la Mungu likasikika kama mtu anavyomwita mtu. Nani aliwafundisha? Wamefanya hivyo miaka yote kila kinanda kinaponyamaza, na sisi tulikuwa tukiita kukosea.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kibodi kimeharibika?"

"Hapana babu. Nimekuja kuuliza tu."

Akanionyesha kigoda. Nilipomwuliza tofauti ya vile vinanda viwili hakuzungumzia sauti. Alizungumzia mguu. "Mguu wangu ulijua akina mama wanapumua wapi. Wao wakichoka, na mimi nachoka, tunapumzika wote, tunaendelea. Hicho chenu hakichoki. Kitu kisichochoka kinaimbaje na watu?" Halafu, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaongeza, "Na mimi nilikuwa nawaburuza, usidhani. Noti ikisema juu, wote juu. Siku nyingine nilikuwa naondoa vidole makusudi, niwasikie wenyewe."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo uhakiki wote ninaoutaka katika makala haya. Mpigaji mzuri ni yule anayejua lini aondoe vidole. Hamoniamu ilimruhusu. Mdundo wa kupikwa haumruhusu, maana hauna vidole.

Kuna hadithi moja ya kweli ambayo kila kwaya yenye kibodi cha Yamaha ingefaa kuijua. Mwaka 1887 shule moja ya mji wa Hamamatsu, Japani, ilikuwa na kinanda cha vilimi kilichoharibika. Aliitwa fundi aitwaye Torakusu Yamaha. Akakifungua, akakitengeneza, akaona kumbe naye anaweza kuunda. Kinanda chake cha kwanza yeye na mwenzake walikibeba mabegani kwa mti, wakavuka milima ya Hakone hadi Tokyo kukipeleka kwa wataalamu. Wataalamu wakasema sauti hazikupangwa sawa. Hakukasirika. Alibaki akajifunza, akarudi akaunda kingine. Ndiyo kusema kile kibodi tulichokileta kumfukuza mzee wetu ni mjukuu wa kinanda cha kukanyaga. Babu yake alifunguliwa na mtu aliyetaka kujua ndani kuna nini. Cha kwetu tulikipeleka stoo.

Nasi si watu wa kukosa mikono. Uwanda huu ndio wa wachonga vinyago. Mpingo unaoota katika misitu ya Lindi na Mtwara unakatwa na kusafirishwa ng'ambo, unakuwa klarineti na obo, vyombo vya pumzi hasa. Mti unaondoka hapa ukiwa gogo, na kinachorudi ni plastiki yenye mdundo ndani yake. Sidai tuanze kuunda ogani za mabomba Newala. Nasema tu kwamba kati yetu yupo anayeweza kufungua kitu na kukielewa, na hatujamwomba.

Wala ugeni wa chombo haujawahi kuwa tatizo. Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, kabla hajafika kwetu alikuwa Afrika Kusini, na huko alimpatia kijana mmoja wa shule tarumbeta. Kijana huyo alikuwa Hugh Masekela. Tarumbeta ni ya kigeni kama hamoniamu, lakini aliipuliza kwa pumzi yake, na dunia nzima ikasikia anatoka wapi.

Basi tumekubaliana nini katika kwaya yetu? Mambo madogo tu. Kibodi kinabaki, ila kitufe cha mdundo kinazimwa, na ngoma inapigwa na mtu mwenye mikono. Wimbo mpya utatungwa kwanza kwa mdomo. Maneno yasemwe kama yanavyosemwa sokoni, kisha tuni iyafuate. Wapo waliolalamika kwamba tutaonekana washamba kwenye mashindano ya kwaya. Huenda. Na ninyi wenzangu mnaoandika mashairi jaribuni dawa hiyohiyo, maana nimesoma mengi humu yanayoanza na mdundo wa mtu mwingine.

Jumamosi moja tulikitoa kile kinanda stoo, mimi na mzee. Nguo ya mivukuto imeliwa na panya, mbao mbili zimepinda, kanyagio moja halipo. Vilimi vya shaba ni vizima. Mzee alichomoa kimoja, akakipangusa kwa kanga ya mkewe, akakiweka midomoni akavuta pumzi. Kikalia, chembamba, safi. Akakishika mkononi akakiangalia muda, halafu akanipa.

"Jaribu wewe," akasema. "Polepole. Usikipige, kipumulie."